Kulitumia neno "lacustrine" bila kulivuruga: mwongozo kwa wanaoandika Kiingereza kuhusu Ziwa Victoria

Ukiandika Kiingereza kuhusu Ziwa Victoria, iwe tasnifu, andiko la mradi au ripoti ya athari kwa mazingira, ipo siku neno "lacustrine" litakukuta. Utaliona kwenye makala ya kitaalamu, utalipenda kwa kuwa linasikika la kisomi, na kabla wiki haijaisha litakuwa limetapakaa kila ukurasa wa kazi yako. Mimi shughuli yangu hapa Mwanza ni kupitia maandishi ya watu kabla hayajafika kwa supavaiza au kwa mfadhili, na katika maneno yote ya Kiingereza yanayohusu maji, hili ndilo ninalolifuta kuliko mengine. Silifuti kwa chuki. Lina kazi yake, na pale linapohitajika hakuna jingine la kulishika mkono. Tatizo ni kwamba watu wanalivaa kama pambo.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa uvuvi, mazingira, jiografia au jiolojia, mtu wa mradi, na hata mwongoza watalii anayetaka kumweleza mgeni habari za ziwa bila kubabaika. Ufuate kwa mpangilio wake. Hatua ya pili ndiyo ndefu na ndiyo yenye nyama. Nyingine unaweza kuzipita haraka.

Hatua ya kwanza: jua neno lilizaliwa kwa kazi gani

Kamusi zitakwambia kwa kifupi kwamba ni kivumishi chenye maana ya "-a ziwa" au "-a ziwani": kilichofanyika ziwani, kinachoishi ziwani, kinachohusu ziwa. Asili yake ni Kilatini, "lacus", yaani ziwa, na mkia wake umeigwa kutoka neno la Kilatini la kinamasi. Maelezo hayo ni sahihi, ila hayakusaidii kuamua ulitumie lini.

Kinachosaidia ni kujua nani alilihitaji. Neno liliingia katika Kiingereza mapema karne ya 19, na waliolizoesha ni wanajiolojia, Charles Lyell akiwa mmoja wao. Watu hawa walikuwa wakisoma matabaka ya miamba, hasa ya Uingereza na Ufaransa, na walihitaji kutenganisha tope lililotulia chini ya bahari na tope lililotulia chini ya ziwa. Yote mawili leo ni mwamba mkavu mlimani. Lakini konokono waliogandamana ndani yake si wamoja, na historia ya nchi inayosomeka humo si moja. Kwa hiyo wakawa na "marine" upande huu na "lacustrine" upande ule.

Neno, basi, lilitengenezwa ili kutenganisha. Linajibu swali "la ziwa au la wapi?", na swali hilo likiwa halipo, neno halina la kufanya. Ukishalishika hilo, nusu ya kazi imekwisha.

Hatua ya pili: pima kitu chenyewe kabla hujakiita "lacustrine"

Kwa kitu kisicho na uhai, yaani udongo, mchanga, mwamba au uwanda, swali ni moja: kilitengenezwa wapi? Kilipo leo si hoja.

Tuanze na mawe, kwa kuwa mji wetu ni wa mawe. Mgeni akifika Mwanza, kitu cha kwanza kupigwa picha ni Jiwe la Bismarck, pale majini karibu na kivuko cha Kamanga. Limezungukwa na ziwa, linachapwa na mawimbi mchana kutwa. Nimeshasoma zaidi ya mara moja sentensi inayolitaja kama "lacustrine rock". Sivyo. Lile ni graniti, mwamba uliotokana na ujiuji wa moto uliopoa taratibu chini ya ardhi zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita. Ziwa lenyewe hukadiriwa kuwa na umri wa miaka 400,000 hivi. Jiwe lilikuwepo, ziwa likalikuta. Ndivyo ilivyo kwa mawe ya Capri Point, ya kisiwa cha Saanane, na yale yaliyobebana juu ya nyumba za watu kule Mabatini. Ukitaka kuyaeleza kwa Kiingereza, sema "granite outcrops on the lakeshore", na hakuna atakayekusahihisha.

Sasa shuka chini ya maji, maana huko mambo yanazidi kuwa matamu. Watafiti waliotoboa sakafu ya Ziwa Victoria na kuvuta juu nguzo ndefu za tope walikuta vitu viwili vilivyopandana. Juu kuna tope laini lenye mabaki ya mwani, lililotulia polepole ndani ya maji. Chini yake kuna tabaka gumu lenye dalili za nchi kavu. Hitimisho lao ni kwamba ziwa hili lilikuwa limekauka, na ndipo lilipojaa tena takriban miaka 15,000 iliyopita. Anayelijua ziwa vizuri hashangai sana. Eneo lake ni kama kilomita za mraba 68,800, lakini kina chake cha wastani ni mita 40 tu, na penye kina kuliko pote ni mita 80 hivi. Limekaa kama sinia. Isitoshe, sehemu kubwa ya maji yake hutoka kwenye mvua inayolinyeshea lenyewe, si kwenye mito. Mvua ikigoma kwa karne nyingi, sinia linakauka.

Twende kwenye neno letu. Lile tope la juu ni "lacustrine sediment", bila ubishi. Lile tabaka gumu la chini silo, ingawa leo limelala chini ya ziwa na samaki wanaogelea juu yake. Na kinyume chake kipo pia: nenda Olduvai, kule Ngorongoro, korongo lenye vumbi ambako ziwa huwezi hata kulifikiria. Katika matabaka yake ya chini kuna udongo wa mfinyanzi uliotulia kwenye ziwa lililokuwepo pale karibu miaka milioni 1.8 iliyopita. Wanajiolojia wanauita "lacustrine clay", na wako sahihi kabisa. Maji yameondoka, asili imebaki.

Kwa viumbe, swali linageuka: anaishi wapi? Hapa asili haihesabiwi sana, makazi ndiyo yanayohesabiwa. Furu, wale samaki wadogo wa jamii nyingi ambao wengi wao hawapatikani popote duniani isipokuwa ziwa hili, ni mfano mwema wa "lacustrine fish". Lakini angalia usije ukawaita hivyo samaki wote wa soko la Mwaloni kwa mkupuo.

Sangara, kwa mfano, aliletwa hapa miaka ya 1950. Kwao ni mto Nile na maziwa kama Albert na Turkana, na anaishi mtoni na ziwani vilevile. Ukimwita "lacustrine" unakuwa umemkata nusu, kwa hiyo "freshwater fish" inatosha. Ningu ni mgumu zaidi. Anakaa ziwani, ila mvua zikianza anapanda mito kwenda kutaga, na hiyo ndiyo iliyomponza: wavuvi walitega nyavu midomoni mwa mito, akapungua mno. Mtu anayeandika kuhusu ningu akaishia kwenye "lacustrine" amekosa habari yenyewe ya samaki huyo. Na dagaa? Huyo ni wa ziwani kweli, ila anayemwandikia dagaa mara nyingi anataka kusema kwamba anaishi maji ya wazi, juu juu, ndiyo maana anafuatwa usiku wa giza kwa karabai au taa za sola. Neno la hilo ni "pelagic". Kumwita "lacustrine" si kosa, ila humwambii msomaji jambo analolihitaji.

Kwa watu, kuwa mwangalifu. Kipo kisa cha kihistoria kinacholiruhusu: katika baridi ya mwaka 1853 kuingia 1854, ukame ulishusha maji ya Ziwa Zürich nchini Uswisi, na kwenye tope zikaonekana nguzo nyingi za miti zilizobeba nyumba za watu wa kale. Mwanaakiolojia Ferdinand Keller aliyachunguza na kuyaandikia makazi yale, habari zikaenea Ulaya, na kwa Kiingereza yakaitwa "lacustrine dwellings". Hivyo nyumba inaweza kuwa "lacustrine", mradi imejengwa ziwani kwa maana hiyo. Hoteli yenye vyumba vinavyotazama maji haimo. Hiyo ni "lakeside hotel", na mgeni akisoma "lacustrine hotel" kwenye tangazo lako atadhani vyumba viko chini ya maji.

Hatua ya tatu: litenganishe na ndugu zake

Neno hili lina jamaa wa karibu, na mtu akilikosea mara nyingi ni kwa kuwa alimtaka mmoja wa hao.

"Fluvial" na "riverine" ni vya mto. Mchanga ulioletwa na mto Simiyu au Kagera na kuachwa kingoni mwa mto ni "fluvial". Tope la mto huohuo likishafika ziwani likatulia chini, limehamia upande wa "lacustrine". Mahali pa mpito ni mdomo wa mto, na hapo usione haya kuandika "fluvio-lacustrine". Lipo, linatumika, na limetungwa kwa ajili ya mahali kama hapo.

"Littoral" ni sehemu ya ukingoni, penye maji ya kina kifupi ambako mwanga unafika chini na mimea inaota. Kwa hiyo ni sehemu ya ziwa, si mbadala wa ziwa.

"Riparian" ni la ukingo, na asili yake ni ukingo wa mto. Hapa wahariri wapya hujikwaa kwa bidii iliyopitiliza. Wakishajua kwamba Victoria ni ziwa, wanataka kubadilisha kila "riparian states" kuwa "lacustrine states". Acha ilivyo. Katika lugha ya sheria na mikataba, Tanzania, Uganda na Kenya huitwa "riparian states", na ukikumbuka kwamba maji ya ziwa hili ndiyo yanayotokea Jinja kuwa Nile, neno linakaa vizuri tu. Lugha ya mikataba haibadilishwi na mhariri.

"Palustrine" ni la kinamasi, na ndilo linalostahili muda wako, hasa kama unaandika kuhusu ardhioevu. Miongozo ya Mkataba wa Ramsar, ule wa kimataifa wa ardhioevu wa mwaka 1971, inazungumzia ardhioevu za aina kuu tano: za bahari, za mdomo wa mto baharini, za ziwa, za mto na za kinamasi. Kwenye mgawanyo huo "lacustrine" si pambo tena, ni jina la kundi, na ukiliacha ukaandika "lake" unaweza kuulizwa maswali. Wamarekani walikwenda mbali zaidi. Mfumo wa kuainisha ardhioevu uliotolewa na idara yao ya samaki na wanyamapori mwaka 1979 unaweka masharti: maji yawe bondeni au nyuma ya bwawa, eneo lizidi hekta 8, na mimea ya kusimama kama miti, vichaka na majani yanayodumu isifunike zaidi ya asilimia 30. Maji madogo kuliko hekta 8 yanaweza kuingia, ikiwa yana kina cha kutosha au ukingo wake umechongwa na mawimbi.

Yalete masharti hayo kwetu uone yanavyokata. Ghuba iliyojaa mafunjo hadi huoni maji, kwa mfumo huo, ni "palustrine", hata kama maji yaliyo chini ya mafunjo ni ya Ziwa Victoria. Ghuba iliyofunikwa na gugu maji inabaki "lacustrine", kwa sababu gugu maji linaelea, halijasimama. Upepo ukigeuka leo jioni litakuwa limehamia kwa jirani. Bwawa la Mtera, ambalo limetengenezwa na binadamu kwa kuziba mto kwa ukuta, ni "lacustrine". Lambo la kunyweshea ng'ombe kule Kwimba, kwa kawaida, halifiki. Mtu anayeandika ripoti ya ardhioevu bila kujua tofauti hizi atajaza jedwali vibaya, na jedwali likiwa baya hata maelezo mazuri hayaliokoi.

Mwisho kuna "limnological", linalochanganya watu kwa sababu nalo linahusu maziwa. Lenyewe ni la elimu ya maziwa, limnolojia, ambayo mwasisi wake anayetajwa zaidi ni François-Alphonse Forel, aliyelichunguza Ziwa Geneva kwa miaka mingi. Vipimo vya joto la maji na oksijeni unavyochukua kwenye boti ni "limnological data". Tope unalolivuta kutoka chini ni "lacustrine". Ni desturi ya Kiingereza kuchukua jina la elimu kutoka Kigiriki na sifa ya kitu kutoka Kilatini. Usitafute mantiki zaidi ya hapo.

Hatua ya nne: liweke mahali pake kwenye sentensi

Kivumishi chetu sisi kinafuata nomino: mashapo ya ziwani. Cha Kiingereza kinatangulia, na hiki hupenda kukaa bega kwa bega na nomino yake. Vivumishi vya ukubwa, rangi na umri vinasimama mbele yake: "thick grey lacustrine clay", si "lacustrine thick grey clay". Linaweza pia kuja baada ya kitenzi, kama katika "These deposits are lacustrine in origin", na ukweli ni kwamba hiyo "in origin" ni rafiki mzuri, kwa sababu inakukumbusha swali la hatua ya pili.

Halipandi ngazi. Hakuna "very lacustrine", na "most lacustrine" ni kichekesho. Kitu ni cha ziwa au si cha ziwa. Halihitaji herufi kubwa, isipokuwa ni sehemu ya jina rasmi, kama jina la kundi katika mfumo wa kuainisha. Usilitengenezee kielezi.

Nomino linazozoeana nazo si nyingi, na ukibaki kwenye hizi hutapotea: "sediments", "deposits", "clay", "plain", "environment", "ecosystem", "wetland", "fauna", "species". Unapotaka kuliambatanisha na nomino nyingine, fanya jaribio dogo: andika maneno yote mawili ndani ya alama za nukuu kwenye mtambo wa kutafutia, uone yanaletwa na nani. Yakiletwa na majarida ya kisayansi, endelea. Yakiletwa na matangazo ya nyumba za likizo, rudi kwenye "lake".

Hatua ya tano: lifute

Umeshamaliza rasimu. Sasa litafute kwa kompyuta neno kila lilipo, na kila mara weka "lake" mahali pake kisha usome sentensi upya. Maana ikibaki ileile, "lake" ishinde. Hii ndiyo hatua watu hawaipendi, kwa hiyo nitaonyesha kwa mfano. Sentensi hii nimeitunga mwenyewe, ila zinazofanana nayo huwa zinanipitia mkononi:

"The lacustrine communities of Mwanza depend on lacustrine activities such as lacustrine fishing in the lacustrine waters of Lake Victoria."

Anza mwishoni. Maji ya Ziwa Victoria hayawezi kuwa ya kitu kingine, kwa hiyo "lacustrine waters of Lake Victoria" ni kusema ziwa mara mbili. Ondoa. "Lacustrine fishing": kuna uvuvi wa mtoni na wa baharini, kwa hiyo huenda neno lingekuwa na kazi, lakini ziwa limeshatajwa kwa jina. Ondoa. "Lacustrine activities" ni zipi? Mwandishi ametaja uvuvi tu. Kama anao usafiri wa mitumbwi, ufugaji wa samaki kwenye vizimba na biashara ya dagaa wakavu, azitaje; kama hana, asifiche upungufu wake nyuma ya neno la Kilatini. "Lacustrine communities" ni watu wanaoishi kando ya ziwa, na Kiingereza cha kawaida kinawaita "lakeshore communities" au "fishing communities". Kilichobaki ni hiki: "Lakeshore communities in Mwanza depend mainly on fishing."

Ni fupi, inaeleweka, na mfadhili aliyeketi mbali huko hatahitaji kamusi. Ningekuwa na mamlaka ningeongeza kwamba andiko la kuomba fedha lisiwe na neno hili kabisa, isipokuwa mradi unahusu mashapo au ardhioevu. Anayegawa fedha anasoma maandiko mengi na amechoka. Neno lisilo la lazima linamfanya ajiulize umeficha nini.

Hatua ya sita: litamke

Kwa mazoea yetu ya kuweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, wengi husema "lakustrine" kwa mkazo kwenye "tri". Mkazo wake uko kwenye silabi ya pili kutoka mwanzo: la-KAS-trin. Hiyo "u" inasikika kama "a" yetu, na "la" ya mwanzo inamezwa. Uingereza utasikia pia la-KAS-train. Yote mawili yanakubalika, chagua moja na usibadili katikati ya utetezi wa tasnifu.

Ukikutana na "interlacustrine"

Anayesoma historia au isimu ya huku kwetu atakutana na neno hili mapema kuliko "lacustrine" lenyewe. Maana yake ni "kati ya maziwa", na linataja eneo lililo kati ya Victoria, Albert, Edward, Kivu na Tanganyika, pamoja na falme zake za zamani kama Buganda, Bunyoro, Karagwe, Rwanda na Burundi. Waandishi wa elimu ya jamii wa katikati ya karne ya 20 walikuwa pia wakisema "Lacustrine Bantu". Siku hizi utaona zaidi "Great Lakes", na kama huna sababu, fuata usasa.

Mtego uko Mwanza hapahapa. Mtu anaona Msukuma amekaa ziwani tangu enzi, anamweka kwenye "Interlacustrine Bantu". Katika mgawanyo wa lugha, Kisukuma hakimo kundi hilo. Kimewekwa pamoja na Kinyamwezi, upande wa bara. Waliomo ni majirani zake: Kizinza cha upande wa Sengerema na Geita, Kikerewe cha Ukerewe, Kijita cha upande wa Mara, na Kihaya cha Kagera. Kwa hiyo mkoa mmoja unazo lugha za kundi hilo na lugha isiyokuwa ya kundi hilo, na zote zinakutana Mwaloni kila asubuhi. Andika kwa uangalifu, maana wasomaji wako ni hao hao.

Kwenye ikisiri ya Kiswahili

Vyuo vingine hutaka ikisiri kwa lugha mbili, na hapo mtu huanza kuunda "kilakustrini". Hakuna haja. "-a ziwani" inatosha kwa kitu kilichofanyika au kinachoishi ndani ya ziwa: mashapo ya ziwani, viumbe wa ziwani. "-a ziwa" itumie kwa kundi la uainishaji: ardhioevu za ziwa, ukiziweka kando ya ardhioevu za mto na za kinamasi.

Supavaiza akilikata

Itatokea. Wapo wanaolikata kila wanapoliona. Kabla hujabishana, angalia lilikuwa limekaa wapi. Kama ni kwenye utangulizi, mahali ulipokuwa ukisifia mandhari ya Mwanza, mshukuru na uendelee. Kama ni kwenye jedwali la aina za ardhioevu, lililopangwa na "riverine" na "palustrine", au ni kwenye maelezo ya tabaka la tope ulilolipima mwenyewe, mfuate ofisini na jedwali mkononi, umweleze kwa adabu mfumo wa uainishaji ulioutumia na mwaka wake, na uwe umeshautaja kwenye sura ya mbinu za utafiti ili asiseme ameusikia leo.